Nilivyolifuata Zulia la Mzee Dadi hadi Matambarale

Tangu nirudi sijapata kunywa kahawa yangu kwa utulivu. Kila anayepita hapa mtaani kwetu Lindi anauliza habari za bara, nami kila mmoja nimemkatia kipande chake: huyu cha garimoshi, yule cha lori lililovunjika, mwingine cha mjane. Sasa nasikia sokoni kwamba nilikwenda Ruangwa kuposa. Nimeona bora niandike yote kwa mfuatano, anayeweza asome, na asiyeweza asomewe.

Wasionifahamu, mimi ni Bakari, fundi wa kutengeneza mazulia. Kazi nimefundishwa na Mzee Dadi, Mbulushi mwenye duka karibu na soko. Sisi wawili tuna ugonjwa mmoja: tunakusanya mazulia ya zamani yaliyofumwa kwa mkono, ya Uajemi, ya Bukhara, ya Wabulushi wenyewe. Waarabu waliyaleta, Wahindi waliyaleta, Wadachi waliyaacha. Mengine tunayauza. Mengine tunajiambia tutayauza, na mpaka leo yamepangwa chumba cha nyuma hadi darini.

Katika yote hayo lilikosekana moja. Mama yake Mzee Dadi alifuma zulia la kusalia akiwa msichana kwao Makrani, ng'ambo ya bahari, akaja nalo Lindi alipoolewa. Enzi za Mdachi, mume wa mama huyo, aliyeitwa Shahdadi, alikuwa akienda bara kununua nta na mpira wa porini, na safari moja akaondoka na zulia lile akisema huko juu kuna baridi. Hakurudi. Wengine walisema ameliwa na simba. Wengine walisema ameoa huko na amesahau njia. Mama aliamini maneno ya pili, akafa akiwa amekataza jina la mumewe kutajwa nyumbani. Mzee Dadi wakati ule alikuwa mtoto. Katika miaka yote niliyofanya naye kazi, kila mtu aliyetoka bara alimuuliza kama ameona zulia la Kibulushi. Sikumsikia hata siku moja akiuliza kama kuna mtu aliyemwona baba yake.

Siku hizi macho yake yana mtoto wa jicho, anaona mwanga na vivuli tu. Iliposikika kwamba Wazungu wa mashamba ya karanga ya Nachingwea wanafunga kazi na wananadi vyombo vya nyumbani, nilimwambia naenda kuangalia kama kuna zulia la maana. Alinishika mkono akasema, "Ukiwa huko, Bakari, uliza na lile la mama."

Garimoshi la Mkwaya

Kutoka Lindi tulivuka hadi Mkwaya asubuhi, na garimoshi lilikuwa limekwisha simama pale likifuka moshi, hata nikadhani nimechelewa. Sikuwa nimechelewa. Kulikuwa na chuma kimoja kirefu cha trekta kilichotakiwa kupakiwa, na kila walivyokigeuza hakikuingia behewani. Walikijaribu kwa urefu, wakakijaribu kwa upana, wakakaa chini wakakitazama. Abiria tulishuka tukanunua vitumbua, tukala, tukanunua vingine. Mwishowe chuma kilibaki Mkwaya na sisi tukaondoka. Sijui kilikuwa kinakwenda kutengeneza nini, maana nilikuja kuona Nachingwea matrekta yamelala uwanjani majani yakiota katikati ya magurudumu.

Ndani ya behewa nilifungua mfuko wangu nitafute kofia, na vifaa vyangu vikaonekana: sindano nene zilizopinda, mkasi, koleo ndogo, na chanuo la chuma la kugongea nyuzi. Mtu mmoja mnene aliyekaa mbele yangu aliziangalia sindano kwa muda, kisha akasogea karibu na kuninong'oneza kwamba ana jipu. Nilimweleza kuwa mimi si daktari, natibu mazulia. Alitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, halafu akasema hata yeye anajua serikali imekataza kuchoma watu sindano bila kibali, lakini hatamwambia mtu. Tulikwenda hivyo hadi Nachingwea, mimi nikikana udaktari na yeye akinisihi, na kila kituo akinunua kitu cha kula na kunigawia kwanza mimi. Nilikula mahindi yake, karanga zake na ndizi zake. Tulipoagana nilimwonyesha jinsi ya kulikanda jipu kwa kitambaa cha maji moto, kama mama yangu alivyotufanyia utotoni, naye akaniita daktari mbele ya watu wote.

Nachingwea

Mnada ulifanyika mbele ya nyumba za Wazungu. Viti, vitanda, mashine za kusagia nyama, sahani, vyote nje juu ya nyasi. Mazulia yalianikwa kwenye kamba, na watu waliyasifu kwa maua yake. Mimi nikapita nikiyageuza moja moja kuangalia mgongo. Watu walicheka. Hawajapata kuona mtu anayenunua kitu kwa kuangalia upande usioonekana. Lakini zulia linasema ukweli mgongoni: la mkono utaona mafundo yake, moja moja, na la mashine utakuta gundi. Yale yote yalikuwa ya gundi.

Nilikuwa nimekata tamaa nikizunguka nyuma ya nyumba ya mwisho, nikaona chini ya motokaa ya zamani kitambaa kizito kimetandikwa kudaka mafuta. Ncha moja ilikuwa na matamvua. Niliinama nikaigeuza, na moyo ukanipiga. Lilikuwa la Bukhara, jekundu la kuiva, mafundo madogo kama mbegu za ufuta. Nilimwita dalali nikiongea kwa sauti ya mtu asiyejali. Alishangaa kwamba nalitaka, akaniuzia rahisi kama mtu anayesaidiwa kuliondoa. Nilisubiri ageuke, ndipo nikalikumbatia na mafuta yake.

Mpishi wa nyumba ile aliitwa Hamisi, Mmwera wa upande wa Ruangwa. Mabwana zake walikuwa wanaondoka na yeye hakuwa na la kufanya, akanisaidia kuliosha. Tulilisugua kwa sabuni na majivu, tukamwaga maji meusi tena na tena, hata manyoya yakaanza kusimama na wekundu ukatoka. Hamisi alipitisha kiganja juu yake, akasema kwao lipo la namna hii.

Nilimwambia labda ameona mkeka wa rangi. Alikataa. Lina manyoya hivi hivi, akasema, na huko nyuma lina vifundo hivi hivi. Lakini la kwao si la kukalia wala la kusalia. Ni la maiti. Katika kijiji cha mama yake, Matambarale, mtu akifa hufunikwa nalo juu ya jeneza kupelekwa kaburini, kisha linarudishwa msikitini, na limekuwepo kabla yeye hajazaliwa.

Nilimuuliza rangi. Alitafuta maneno, kisha akanionyesha: katikati kama ngozi ya ngamia aliyemwona kwenye picha, pembeni kama tende zilizokauka, na pindo gumu la manyoya ya mbuzi linalochoma mkono. Niliketi chini palepale kwenye maji ya sabuni. Mzee Dadi amenieleza pindo lile kwa miaka.

Hamisi alikubali kunitunzia zulia la Bukhara mpaka nirudi, akanipa mashauri mawili. La kwanza, nisitumie neno zulia, maana kule hawalitumii. Niseme busati la jeneza. La pili, nisiseme kwamba nalitaka. Nilimshukuru, na kote nilikopita sikufuata hata moja.

Lori la Ruangwa

Lori lilikuwa la chumvi, nasi abiria tulikaa juu ya magunia. Barabara ni mchanga, na penye mchanga mwingi tulishuka tukasukuma. Mbele kidogo springi ya nyuma ilikatika. Dereva alikata mti, akauchonga, akaufunga kwa mnyororo mahali pa springi kwa utulivu kama mtu anayefunga kamba ya kiatu, lakini kazi ilichukua mchana kutwa.

Pale njiani nilijuana na Fidelisi, mwalimu wa dini wa misheni, aliyekuwa anarudi kwake na cherehani ameipakata kama mtoto. Alikuwa amemnunulia mkewe, na hakuruhusu mtu yeyote aiguse, hata tuliposukuma lori alisukuma kwa mkono mmoja. Alifungua mfuko akanipa ming'oko, vile viazi vyembamba vya porini wanavyochemsha. Mimi mtu wa pwani nilitafuna na ganda lake, nikitafuna na kutafuna, nikisema moyoni hawa watu wana meno. Fidelisi alinitazama hadi nikameza, kisha akachukua wake, akauvuta kwa meno nyama ikatoka laini na ganda likabaki mkononi. Alinipa mwingine. Kwa kulipa wema nilimwonyesha jinsi ya kutia mafuta kwenye cherehani ile, nikawa mtu pekee aliyeruhusiwa kuigusa.

Ruangwa nilikwenda moja kwa moja dukani kuulizia njia ya Matambarale. Kijana wa dukani aliniuliza nafuata nini huko. Nikasema nafuata zulia la zamani.

"Zulea wa zamani?" akauliza. "Wa Matambarale? Yupo."

Nikajisemea Kiswahili cha bara hakijali yupo wala lipo, ilimradi umeelewa. Nikafurahi mno kusikia lipo. Aliniuliza kama naijua hali yake, kwamba ni la siku nyingi sasa. Nilimjibu kwamba kwangu mimi uzee si kitu, hata kama limechakaa nitalitengeneza, nimekwisha tengeneza yaliyochakaa zaidi. Kijana alinitazama kwa heshima mpya. Aliuliza kama nimetoka mbali. Nikasema nimetoka Lindi kwa ajili hiyo tu, na sirudi mikono mitupu. Alimwita mtu mwenye baiskeli aliyekuwa anatengeneza mnyororo nje, wakaongea Kimwera, na yule akapanda baiskeli akaondoka kwa kasi upande ninaokwenda mimi. Nilidhani ana haraka zake.

Kwa miguu hadi Matambarale

Nilipitia Likunja. Ulikuwa msimu wa kuvuna ufuta, miganda imesimamishwa mashambani ikikauka, na kila nilipopita watu waliacha kazi wakanisalimu kwa uchangamfu usio wa kawaida. Wanawake walicheka wakijifunika mdomo. Mzee mmoja alinishika mkono akaniombea heri. Nikasema hakika watu hawa ni wakarimu, nikaongeza mwendo.

Matambarale nilikuta mikeka imetandikwa mbele ya nyumba na watu wamekusanyika, wanaume upande huu na wanawake ule. Mwenye nyumba aliitwa Mzee Issa, ndiye msimamizi wa msikiti na ndiye mjomba wa ukoo, mwenye neno la mwisho. Nililetewa maji ya kunawa, ukaletwa ugali wa mtama na kuku mzima. Pembeni ya Mzee Issa alikaa mama mmoja aliyevuka miaka sitini, mwembamba, amejifunga kanga mpya na amevaa viatu vilivyoonekana wazi kuwa si vyake. Alikuwa akinikagua kuanzia kofia hadi kucha.

Nilipomaliza kula Mzee Issa alisema, "Tumesikia unamtafuta Zulea. Ndiye huyu, dada yangu. Mumewe alifariki zamani. Sasa sema mwenyewe."

Nikaanza kueleza kwamba mimi sitafuti mtu, natafuta kitu, kitu cha kufuma, cha kutandika. Niliposema cha kutandika wazee walitazamana, nikaona naharibu zaidi. Nikatoa kipande cha sufu mfukoni nikaeleza tena, polepole, na kijana mmoja aliyesoma akawafasiria Kimwera. Hapo Bibi Zulea akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika mbavu, akavivua vile viatu akavitupa kwa mjukuu wake.

"Vimenibana tangu asubuhi," akasema. "Na mimi nilikuwa nimekwisha panga kukukataa, mwanangu. U mdogo mno."

Watu wote walicheka, nami nikacheka kwa kupona. Katika raha ile nikasahau shauri la pili la Hamisi. Nikasema kwamba ninachokitaka ni busati lao la jeneza, nilipeleke Lindi.

Kicheko kilikatika kama kimefungiwa mlango. Mzee Issa aliweka kikombe chini. Alisema taratibu kwamba huku kwao mtu anayefuata nguo ya maiti ana jina lake, na jina hilo hatalitaja mbele ya watoto.

Walinipa mahali pa kulala kwa sababu ya ugeni, basi. Asubuhi hakuna aliyeitika salamu yangu. Wanawake waliwavuta watoto ndani nilipopita. Uji haukuja. Kijana yule msomi aliniletea habari kwamba baiskeli imepatikana ya kunirudisha Ruangwa, na ni vyema niondoke kabla vijana hawajarudi kutoka mashambani. Nilikaa nikifunga mfuko wangu, na nawaambieni kweli, sikuogopa kwa ajili ya ngozi yangu kama nilivyoona uchungu. Lile zulia lilikuwa nyuma ya ukuta wa msikiti, hatua chache kutoka nilipokaa, nami nilikuwa nalipoteza kwa mdomo wangu mwenyewe.

Guli

Bibi Zulea alikuja peke yake, miguu mitupu, na sahani ya muhogo wa kuchemsha. Alikula kipande cha kwanza yeye, nikione, kisha akanisogezea. Akaniuliza busati lile nataka kulipeleka kwa nani.

Nilimweleza bila kupamba. Nilimtaja Mzee Dadi na macho yake. Nikamwambia lilifumwa na mama yake, likaondoka na baba yake, na baba hakurudi.

"Huyo baba yake aliitwaje?"

"Shahdadi."

Alirudia jina lile chini chini, mara mbili, kama mtu anayeonja kitu alichokila utotoni. "Sisi tulisema Shadadi," akasema. "Alifia jikoni kwa mama yangu."

Akanisimulia, nami muhogo ukapoa mkononi. Alikuwa mtoto wa kuteka maji na kaka yake Issa alikuwa hajazaliwa. Yule Mbulushi alikuja na wapagazi wake na mizigo ya nta, kifua kimemshika, hawezi kupumua akilala chali. Wapagazi walingoja kidogo kisha wakatawanyika, kila mmoja na mzigo wake. Mama yake Zulea akasema mtu haachwi njiani, akamlaza jikoni penye moto. Zulea alizoea kumwogopa kwa ndevu zake, lakini ndiye aliyepewa kazi ya kukaa naye. Kiswahili cha mgonjwa kilikuwa kimemkimbia kwa homa, akisema lugha yake tu. Mkono wake ulikuwa juu ya lile busati muda wote, ukilipapasa, naye akirudia neno moja.

"Alisema Guli. Guli, Guli. Mimi nilidhani kwao Guli ni maji. Kila akisema, nilimletea maji. Alikuwa akinitazama, akanywa kidogo, akanishukuru kwa kichwa. Hata siku aliyokufa nilimpa maji."

Niliuweka muhogo chini. Mama yake Mzee Dadi aliitwa Gulbibi.

Nilipomwambia, Bibi Zulea alifunika uso kwa kanga. Kisha akasimama akaniambia nimfuate, na tulipita katikati ya kijiji, yeye mbele mimi nyuma, watu wakitutazama. Alinionyesha kaburi. Lilikuwa katika makaburi yao wenyewe, karibu na la mama yake, limefagiwa kama mengine na limezungushiwa mawe. Nikasoma Fatiha, naye akaitikia.

Kisha akanipeleka kwa kaka yake, akayasema yote upya mbele ya watu waliokuwa wamekusanyika kuhakikisha naondoka. Siku ile ya maziko, alisema, jeneza halikuwa na cha kulifunika, na mama yao akaamuru Mbulushi afunikwe kwa busati lake mwenyewe. Waliporudi hakuna aliyetaka kulichukua nyumbani, likawekwa msikitini. Akafa mwingine, wakalitumia. Ndiyo ikawa desturi, na waliozaliwa baadaye hawakuuliza ilianzaje.

Mzee Issa alisikiliza hadi mwisho. Alinitazama kwa jicho jingine, lakini hakulegea. Alisema anaelewa haki ya mtoto wa marehemu. Ila baba yake mwenyewe amefunikwa na busati lile, na watu wote hapo wana mtu wao. Likiondoka, je? Nilisema nitawashonea nguo nyingine, nzito na nzuri, kwa mkono wangu, na sitaondoka mpaka iishe. Watu wakanung'unika. Mmoja akasema wazi: nguo mpya, nani atakubali mtu wake awe wa kwanza chini yake?

Ndipo Bibi Zulea aliposema, bila kupandisha sauti, "Nitakuwa mimi. Mimi ndiye mkubwa wa wanawake wote wa hapa sasa. Shona, mwanangu, na ishone iwe pana, isipeperushwe na upepo nikaaibika."

Mzee Issa alitazama chini. Kisha akamtuma mtu afungue msikiti.

Walinitolea. Nilikwisha shika mazulia mengi, lakini hilo nililipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto. Lilinukia ubani na udongo. Panya walikuwa wamekula kona moja, na mstari wa katikati ulikwisha nyonyoka manyoya, lakini mti ulikuwepo, ule mti wa majani ya bluu alionisimulia Mzee Dadi, uliosimama katikati ya rangi ya ngamia, na pindo la manyoya ya mbuzi linachoma mkono kama alivyosema Hamisi. Nililigeuza. Mafundo yake yalikuwa ya msichana mwenye haraka mwanzoni, na kufikia juu yalikuwa yametulia.

Nguo nilinunua Ruangwa, kijani nzito, na nilipokuwa hapo nilimkuta Fidelisi, aliyekuja kununua uzi wa cherehani yake. Alipojua nashona nini alinigawia uzi, akasema ni malipo ya mafuta niliyotia kwenye cherehani. Matambarale nilishona barazani kwa Bibi Zulea, na sasa uji ulikuja, na mbaazi, na kisamvu, na kila aliyepita alikaa kidogo. Wanawake walichukua ncha moja wakashona pindo jekundu walilolitaka wao, si nililolichora mimi, na lao lilikuwa zuri zaidi. Bibi Zulea alijilaza juu yake mara moja kupima urefu, watu wakapiga kelele kumkataza, naye akainuka akasema inatosha.

Nilipoondoka walinisindikiza hadi nje ya kijiji. Nililibeba zulia begani, na kuna wazee waliokuja kulipapasa kwa mara ya mwisho, kila mmoja akitaja jina la mtu wake.

Kurudi

Nachingwea nililichukua zulia la Bukhara kutoka kwa Hamisi. Alikuwa hajapata kazi bado. Nilimwambia Lindi kuna mtu mwenye macho mabovu anayehitaji mpishi, naye akafunga mzigo wake nikiwa bado naongea. Tukapanda garimoshi pamoja. Msimamizi wa behewa alinusa, akasema ngozi mbichi husafiri na mizigo. Nilimwambia si ngozi. Akasema manyoya yapo. Tulibishana mpaka Hamisi akamweleza kwa upole kwamba hiyo ni nguo iliyofunika maiti wa nusu ya wilaya, na bwana yule aliondoka bila kuaga, na behewa letu likawa na nafasi hadi Mkwaya.

Mzee Dadi alikuwa kwenye kiti chake mlangoni mwa duka. Nilimwekea zulia magotini, likiwa limekunjwa. Vidole vyake vilianzia kwenye pindo, vikasimama. Vikapanda taratibu, vikafika kwenye kona iliyoliwa na panya, vikapita juu ya shimo, vikarudi.

Nilidhani ataniuliza lilikuwa kwa nani. Aliuliza, "Na yeye?"

Nikamsimulia. Nilimweleza jiko la mama yake Zulea, na moto, na maji. Nilimweleza kaburi. Nilipofika kwenye lile neno nikasema kwamba hadi mwisho wake alikuwa ameshika zulia na akisema Guli, na mtoto akimletea maji.

"Sema tena," akasema.

Nikasema tena. Akaniomba mara ya tatu, na mara ya tatu machozi yalikuwa yanamtiririka lakini uso wake ulikuwa umefunguka, nami sikuwahi kuuona hivyo.

"Hakutuacha," akasema. "Bakari, baba hakutuacha."

Nikamweleza pia kwamba baada ya baba yake walifunikwa wengine, wazee na vijana, wanawake na wanaume, kila aliyekufa Matambarale tangu siku ile. Aliliweka shavu lake juu ya zulia akafikiri. Kisha akamwita Hamisi, ambaye alikuwa hata hajaonyeshwa jiko, akamwambia akatafute masufuria makubwa, kwa sababu Ijumaa kuna hitima ya baba yake, na ni ya hao wote.

Ninyi mlikuwepo. Mliona watu walivyojaa hadi barabarani, na Mzee Dadi amekaa juu ya zulia la mama yake katikati ya baraza, anapokea mikono ya watu kama bwana harusi. Nimehudhuria hitima nyingi katika umri wangu, lakini ile ndiyo ya pekee ambayo niliona watu wakirudi makwao wanacheka.